Kijana wa hoki ya barafu Uswidi akifika miaka 17: abaki klabu ya nyumbani, aende Kanada au akacheze chuo Marekani?

Wazazi wenzangu tulioko Uswidi, na nyie mnaoufuatilia mchezo huu mkiwa Nairobi, Dar, Bukavu au popote, hili jambo tuliongee kwa kituo maana naona familia nyingi zinaamua haraka haraka. Mtoto ameanza shule ya kuteleza akiwa na miaka mitano au sita, mmeamka naye alfajiri za Jumamosi kwenye baridi miaka yote hiyo, skeiti mpya kila mguu ukikua, fimbo za kaboni ambazo moja tu inaweza kuzidi kronor 2,000 na ikavunjika kwa shuti moja, afu ghafla kijana ana miaka 16 au 17 na ajenti anapiga simu anasema kuna timu Kanada inamtaka. Baba anataka aende, mama anataka amalize shule kwanza, mtoto mwenyewe usingizi hana, na kila anayeulizwa anatoa mfano wa mchezaji mmoja aliyefanikiwa.

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni kubaki Uswidi na kupanda ngazi za hapa mpaka SHL, ligi ya juu kabisa ya Uswidi. Ya pili ni kwenda ligi za vijana za Kanada, zile tatu zilizo chini ya CHL yaani OHL, WHL na QMJHL. Ya tatu ni kucheza chuo kikuu Marekani kwenye NCAA, yaani mashindano ya vyuo vya kule. Zote zimeshamfikisha Mswidi NHL, ligi kubwa ya kulipwa ya Marekani na Kanada, na zote zimesharudisha watu nyumbani. Mimi msimamo wangu nausema mapema: kwa vijana wengi kubaki Uswidi mpaka miaka 18 au 19 ndo kuna faida zaidi, lakini sio kwa kila kijana, na hao wengine nitawataja ni wepi maana kumzuia mtoto wa aina hiyo ni kumkosea.

Ngazi za hapa, kwa wageni

Klabu nyingi za Uswidi ni vyama vya wanachama, wazazi wanauza kahawa kwenye kioski cha uwanja na wanaendesha magari kwenda mechi za ugenini. Mtoto anapanda kwa umri mpaka U16, halafu J18, halafu J20. Akiwa na miaka 15 hivi kuna TV-pucken, mashindano ya timu za mikoa ambayo yapo tangu 1959, na kwa wengi hapo ndo mara ya kwanza maskauti, yaani wanaotafutia timu vipaji, wanaliandika jina lake. Baada ya darasa la tisa anaomba gymnasium (sekondari ya juu) yenye hoki ndani ya ratiba, miaka mitatu, ada hakuna, asubuhi yuko barafuni na mchana yuko kwenye hesabu. Ligi ya juu ya vijana inaitwa J20 Nationell. Kwa wakubwa kuna Hockeyettan ambayo ni daraja la tatu, HockeyAllsvenskan daraja la pili, na SHL juu kabisa. SHL na HockeyAllsvenskan kila moja ina timu 14 na mechi 52 za kawaida.

Drafti ya NHL, pale timu zinapochagua vijana kwa zamu, inamhusu kijana mwaka ule anaotimiza miaka 18 kabla ya tarehe 15 Septemba au siku hiyohiyo. Raundi saba, timu 32, wanachaguliwa 224 kutoka dunia nzima. Kwa hiyo msimu anaoucheza akiwa na 17 kwenda 18 ndo unaangaliwa kuliko yote, na ndo sababu simu za maajenti zinaanza kuita mwaka mmoja kabla.

Dakika za barafuni, hapa ndo penye kesi yote

Angalia SHL inavyofanya kazi. Timu ikimaliza mkiani inaingia kwenye mechi za kupigania kubaki na ikishindwa inashuka daraja, na kushuka maana yake ni pesa za televisheni kuondoka, wadhamini kuondoka, watu ofisini kupoteza kazi. Sasa kocha aliye nafasi ya 12 mwezi wa pili anaongoza kwa goli moja zimebaki dakika sita, atamwingiza mtoto wa miaka 17? Hamwingizi. Mchezaji wa hoki anaingia kwa zamu za sekunde 40 hivi halafu anakaa, na kijana aliye safu ya nne anaweza kupata zamu tano sita mchezo mzima, kipindi cha tatu amekaa tu benchi miguu inapoa huku jina lake limeandikwa kwenye karatasi ya mechi ya SHL na ndugu wote wanafurahi wakiliona. Jina kuonekana pale ni heshima kweli, ila kimchezo mtoto hajakua wiki hiyo.

Kanada ligi nzima ni ya vijana wa miaka 16 mpaka 20. Timu hazishuki daraja. Kijana mzuri wa 17 anawekwa safu ya kwanza, anaingia timu pinzani ikiwa pungufu kwa sababu mtu wake katolewa kwa adhabu, anaingia pia timu yake ikiwa pungufu, na OHL na WHL wanacheza mechi 68 kabla ya mtoano. Anapata makosa yake yote ndani ya mchezo na kesho kutwa anacheza tena. Hicho ndicho kitu kikubwa Kanada inachompa mtu, dakika.

Mfano wa kwenda uliofanikiwa kuliko mingine ni Gabriel Landeskog. Alitoka Djurgården 2009 akiwa na miaka 16 akaenda Kitchener Rangers ya OHL, msimu wa pili wakampa unahodha, akafunga magoli 36 kwenye mechi 53, Colorado wakamchagua namba 2 mwaka 2011, akawa mchezaji mpya bora wa NHL 2012, na mwaka huohuo kabla hajafika 20 wakamkabidhi unahodha wa timu hiyo. Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, akaibeba 2022. Rickard Rakell naye alienda Plymouth Whalers, akachaguliwa namba 30 drafti ileile ya 2011.

Lakini tazama upande wa pili, wale waliobaki. Victor Hedman alikaa MODO, namba 2 mwaka 2009. Erik Karlsson alikuwa Frölunda, namba 15 mwaka 2008. Rasmus Dahlin kakulia Lidköping, akahamia Frölunda, akacheza SHL akiwa na 16 na Olimpiki akiwa na 17, halafu 2018 akawa Mswidi wa pili kuchaguliwa namba 1 baada ya Mats Sundin wa 1989. Leo Carlsson alikuwa Örebro, namba 2 mwaka 2023. Orodha ya waliobaki ni ndefu kuliko ya walioondoka na hii sio bahati, ni kwamba skauti wa NHL akimuona kijana wa 17 anashindana na wanaume wazima wenye familia na mikataba anaamini kile anachokiona.

Sasa mtaniuliza, wewe si umesema SHL hawapewi dakika? Ndio, na hapo ndo inaingia HockeyAllsvenskan ambayo wazazi wengi wanaidharau kwa sababu ni daraja la pili. Elias Pettersson alitoka Ånge, mji mdogo sana, akacheza Timrå iliyokuwa daraja la pili, akachaguliwa namba 5 mwaka 2017 akitokea huko huko. Msimu uliofuata akaenda Växjö ya SHL, pointi 56 (magoli na pasi za magoli) kwenye mechi 44, akavunja rekodi ya vijana ya Kent Nilsson iliyokaa tangu msimu wa 1975-76, na wakachukua ubingwa. Filip Forsberg alikuwa Leksand daraja la pili alipochaguliwa namba 11 mwaka 2012. David Pastrnak, huyu ni Mcheki, aliletwa Södertälje na akachaguliwa 2014 akiwa daraja la pili. Na Djurgården, klabu kubwa kabisa ya Stockholm, ilishuka 2022 na ikakaa chini misimu mitatu, watu walilia, lakini humo ndo Anton Frondell na Victor Eklund walipopata dakika mbele ya watu wazima na 2025 wakachaguliwa namba 3 na namba 16. Timu ikapanda mwaka huohuo.

Kwa hiyo ukiambiwa "mtoto wako asaini na timu ya SHL au ya Allsvenskan?" usikimbilie jina kubwa, uliza atacheza dakika ngapi na kama klabu ya juu inaruhusu aende kwa mkopo asipopangwa. Uzuri wa Uswidi ni kwamba kijana wa 17 anaweza Jumanne kucheza J20, Alhamisi akakaa na timu ya wakubwa, na Januari akapelekwa mkopo daraja la pili. Kanada ukishafika timu yako ni hiyo, ukitaka kutoka inabidi wakubadilishane na timu nyingine na wewe mwenyewe huna sauti kubwa.

Johnny Oduya

Huyu namtenga peke yake kwa sababu mbili. Kwanza ni wetu, baba yake Mkenya, yeye kazaliwa Stockholm 1981. Pili, amepita njia mbili kati ya hizi na mtu anaweza kuziona zote kwenye maisha ya mchezaji mmoja. Msimu wa 2000-01 alienda Kanada akacheza Moncton na kisha Victoriaville kwenye ligi ya Quebec. Washington Capitals wakamchagua 2001 raundi ya saba, namba 221, na baada ya hapo mkataba hawakumpa. Akarudi Uswidi. Akaanzia Hammarby daraja la pili, akapanda Djurgården, akaenda Frölunda, na NHL akaingia 2006 na New Jersey Devils akiwa na miaka 25. Halafu akashinda Stanley Cup mbili na Chicago Blackhawks, 2013 na 2015, na medali ya fedha ya Olimpiki Sochi 2014.

Mimi nikimsoma Oduya naona kitu kimoja ambacho wazazi wanakisahau: kwenda Kanada hakukumpa mkataba, na kurudi hakukumharibia chochote. Ile miaka ya daraja la pili na SHL ndo iliyomtengeneza beki wa kutegemewa. Mzazi anayeambiwa "asipoondoka sasa hivi ameisha" amuangalie huyu.

Uwanja wenyewe

Watu hawalitilii uzito hili na wakati linabadilisha mchezaji kabisa. Uwanja wa kawaida Uswidi una urefu wa mita 60 na upana wa mita 30. Wa Amerika Kaskazini una mita 61 kwa 26. Mita nne zimekatwa kwenye upana. Chukua winga anayepokea paki karibu na ukuta (paki ni kile kisahani cheusi kigumu cha mpira kinachochezewa). Uswidi anapokea, anainua kichwa, anaona nani yuko wapi, anaamua. Kwenye uwanja mwembamba akiinua kichwa beki ameshafika na kumbo limeshampata, kwa hiyo lazima awe ameamua kabla paki haijamfikia. Upande mwingine, kutoka pembeni mpaka golini ni karibu zaidi, mashuti ni mengi, vurugu mbele ya kipa ni nyingi, na kijana mwenye mwili na moyo wa kusimama pale anaanza kufunga magoli ambayo Uswidi hakuyapata.

Ndo maana Landeskog kule kulimfaa, ni mtu wa kugongana, mzito, anapenda mbele ya goli. Kijana mwembamba mwenye akili ya pasi na mwili ambao bado haujajaa, kama Pettersson alivyokuwa akiwa na 17, huyo kumpeleka mapema kwenye mechi 68 za makumbo ni kumuweka hatarini bila sababu. Mwache ajenge mwili miaka miwili, barafu nyembamba ataikuta tu.

Ngumi pia ziongelewe. Ligi za vijana za Kanada zimepunguza sana kupigana na Quebec imepiga marufuku tangu 2023, lakini kwenye OHL na WHL ngumi bado zipo na zina adhabu zake. NCAA ukipigana unatolewa mchezoni, na uso wote umefunikwa na wavu au kioo. Kwa mama anayeogopa meno ya mwanawe hii ni tofauti kubwa.

Kanuni moja ambayo maajenti hawaielezi vizuri

Hii isomeni mara mbili. Baada ya drafti, timu ya NHL inataka kumuweka kijana mahali pa kukua, na mahali pake pa kawaida ni AHL, ligi iliyo chini ya NHL. Mchezaji aliyechaguliwa akitokea klabu ya Ulaya anaweza kupelekwa AHL hata akiwa na miaka 18. William Nylander alichaguliwa 2014 akitokea Uswidi, na Januari 2015 alikuwa tayari Toronto Marlies ya AHL akicheza na watu wazima. Lakini aliyechaguliwa akitokea CHL, kwa makubaliano ya miaka mingi kati ya NHL na CHL, akiwa chini ya 20 anabaki NHL moja kwa moja au anarudishwa ligi ya vijana, AHL hapelekwi. Kwa hiyo kijana wa 19 ambaye ligi ya vijana imeshamwishia na NHL bado hajaiweza anakwama msimu mzima akiwafunga watoto. Mkataba mpya wa NHL unaoanza msimu wa 2026-27 umeigusa kanuni hii kwa wenye miaka 19, kwa hiyo muulize ajenti akuonyeshe kanuni ya msimu wenyewe mtoto anaoenda kucheza, kwa maandishi.

Hapo Uswidi inashinda wazi. Kijana aliyebaki anaweza kuchaguliwa, akasaini, akacheza SHL, akaenda AHL, milango yote iko wazi.

Shule, na chuo Marekani

Wanaokaa Uswidi wanamaliza gymnasium, basi, hakuna cha kujadili. Wanaoenda Kanada wakiwa na 17 wanaikata katikati. Wengine wanamalizia kwa mbali, wengine wanasoma sekondari ya huko, na ukweli ni kwamba mtu anayerudi usiku wa manane kwenye basi kutoka mechi ya ugenini hasomi vizuri. WHL ndo ngumu zaidi kwa safari maana imetanda kuanzia Manitoba mpaka pwani ya British Columbia na ikaingia Marekani. OHL iko karibu karibu zaidi. Kumbuka pia kwamba kwenye drafti ya wageni ya CHL timu ndo inayokuchagua, mji huuchagui wewe, kwa hiyo anayesema "naenda Toronto" aulize vizuri anaenda wapi.

NCAA ni kitu kingine kabisa. Mechi ni 35 mpaka 40 hivi kwa msimu, nyingi Ijumaa na Jumamosi, siku zilizobaki ni darasa, mazoezi na chumba cha vyuma. Anayefika pale mara nyingi ana miaka 18 mpaka 20 na anakaa mpaka miaka minne, anatoka na digrii. Mswidi wa kumtazama ni Carl Hagelin. Alitoka vijana wa Södertälje, New York Rangers walimchagua 2007 raundi ya sita namba 168, hakuna aliyemtarajia, akaenda University of Michigan miaka minne, akawa nahodha, 2011 wakafika fainali ya taifa. Alipoingia NHL alikuwa amekomaa mwili na akili, akashinda Stanley Cup mbili mfululizo na Pittsburgh, 2016 na 2017.

Zamani ukicheza hata mechi moja ya CHL mlango wa NCAA ulikuwa unafungwa. Novemba 2024 NCAA wakabadilisha, na kuanzia tarehe 1 Agosti 2025 wachezaji wa CHL wanaruhusiwa. Hii imerahisisha maisha ya anayetaka kuanzia Kanada halafu chuo, ila imefanya nafasi za chuo kuwa za kugombania zaidi, maana Wakanada wazuri sasa wanazitaka hizohizo.

Mtego wa NCAA kwa Mswidi uko nyumbani. Kijana wa 17 anapewa mkataba wa kulipwa na klabu ya SHL, familia inasaini kwa furaha, miaka miwili baadaye chuo kinamtaka na inakuja kuonekana malipo yale yanaweza kumzuia kwa sababu NCAA wanaangalia mtu alilipwa nini zaidi ya gharama zake za lazima. Na upande wa masomo wanahesabu masomo ya msingi kuanzia darasa la tisa, kwa hiyo Kiingereza, hesabu na sayansi za darasa la tisa Uswidi ni sehemu ya maombi ya chuo Marekani. Ukiwaza NCAA hata kwa mbali, anza kuuliza mtoto akiwa na 15, na usisaini chochote cha malipo kabla hujaelewa.

Pesa na maisha ya nyumbani

Uswidi mtoto anaweza kukaa kwenu au kwenye bweni la klabu, na akisaini mkataba wa wakubwa analipwa mshahara. Kanada anakaa na familia iliyojitolea kumpokea, anakula kwao, anapewa posho ndogo, na vifaa vyote vinatoka kwa timu. Kuna pia fungu la masomo la CHL, kila msimu uliocheza unakuwekea mwaka wa chuo, lakini lina masharti ya muda wa kulidai na mazingira ya kulipoteza, na mchezaji kutoka Ulaya lazima lake liandikwe ndani ya mkataba wake wazi. NCAA ukipata skolashipu kamili ada, malazi na chakula vimelipwa, ukipata nusu andaa mfuko maana vyuo vya kule ni ghali sana.

Halafu kuna jambo letu sisi wahamiaji ambalo makocha wa Kiswidi hawalifikirii kabisa. Mtoto mwenye pasi ya Uswidi mambo yake ni mepesi. Mwenye pasi ya Kongo au Burundi na kibali cha kuishi tu, visa ya Kanada au Marekani inaweza kuchukua muda mrefu na msimu haumsubiri. Akihama nchi kwa muda mrefu kibali chake cha kudumu kinaweza kuguswa, na hesabu ya kuomba uraia pia. Na timu ya taifa ya Uswidi, iwe U18 au ile ya U20 inayocheza mashindano ya dunia kila Krismasi, inahitaji uraia. Nendeni Migrationsverket, idara ya uhamiaji ya Uswidi, kabla ya kwenda kwa ajenti. Kama uraia umebaki mwaka mmoja, mtoto akae huo mwaka, hata timu iwe nzuri vipi.

Makipa na wanaochelewa kukua

Hawa msiwakimbize. Kipa anakomaa taratibu kuliko wote. Henrik Lundqvist alichaguliwa 2000 namba 205, akabaki Frölunda miaka mitano mingine, akashinda ubingwa 2003 na 2005, akaenda New York akiwa na 23 na akaondoka na ushindi 459, Vezina (tuzo ya kipa bora) ya 2012 na nafasi kwenye Hall of Fame ya magwiji wa hoki 2023. Pacha wake Joel alichaguliwa mapema zaidi drafti ileile, namba 68, akacheza misimu mitatu na Dallas, akarudi Frölunda, akawa nahodha na kushinda ubingwa mwingine 2016 na 2019. Watoto wawili wa tumbo moja, siku moja, klabu moja, na maisha mawili tofauti ambayo mzazi yeyote angejivunia yote.

Viktor Arvidsson naye alipitwa na drafti mara kadhaa, mfupi, wakasema hatoshi. Akakaa Skellefteå akashinda ubingwa wa Uswidi 2013 na 2014, Nashville wakamchagua 2014 raundi ya nne akiwa na 21, na msimu wa 2016-17 akafunga magoli 31 NHL. Mtoto wa namna hii angeenda Kanada akiwa na 17 angeweza kukaa benchi akaacha mchezo.

Kwa mabinti hesabu ni tofauti

Binti yako akicheza, mpangilio wangu unageuka, NCAA inapanda juu. SDHL, ligi ya juu ya wanawake ya hapa, ni nzuri, imeruhusu kumbo tangu msimu wa 2022-23 na inavuta wachezaji wa nje, lakini chuo Marekani kinampa mazoezi ya kiwango cha juu kila siku pamoja na digrii, na kwa binti digrii ina uzito kwa sababu mishahara bado haijafika mahali pa kumtegemeza mtu maisha yote. Maria Rooth alishinda ubingwa wa NCAA mara tatu mfululizo na Minnesota Duluth, 2001 mpaka 2003, na 2006 Torino ndo yeye aliyeipigia Uswidi penalti ya ushindi ilipoitoa Marekani nusu fainali. Kipa Emma Söderberg alipitia chuo hichohicho akafika Boston ya PWHL, ligi ya kulipwa ya wanawake iliyoanza Januari 2024. Josefin Bouveng yeye alikwenda Minnesota. Ukimpeleka binti NCAA unamwekea njia ya PWHL mbele yake palepale.

Sasa nani aende wapi

Kijana ambaye klabu yake inampa J20 ya juu na inamuahidi mkopo daraja la pili: abaki, bila kusitasita. Kipa: abaki, au chuo. Mwembamba, mfupi, anayechelewa: abaki, na akifika 19 bila mkataba wa wakubwa aangalie NCAA. Mwenye mwili uliokwishajaa, anayependa kugongana na kusimama mbele ya goli, ambaye J20 imemwishia na timu ya wakubwa haimpangi: huyu mpeleke Kanada, OHL kwanza kama kuna uwezekano, na aende akiwa na 17 apate msimu mzima kabla ya drafti, asiende Januari katikati. Anayependa vitabu kwa kweli na raundi za juu za drafti hazimtaji: chuo, na maandalizi yaanze sasa.

Na ajenti akishakaa sebuleni kwenu, kabla chai haijaisha muulize haya. Timu hiyo ina wachezaji wangapi wa nafasi ya mwanangu wanaorudi msimu ujao? Kocha aliyemtaka yeye mwenyewe amesaini mpaka lini? Mgeni wa mwisho waliyemchukua kutoka Ulaya yuko wapi leo, na naweza kupata namba ya wazazi wake? Akiumia goti Novemba nani analipa na anatibiwa wapi? Gymnasium anaimalizaje, nani analipia? Na akitaka kurudi Desemba, klabu yake ya hapa imeandika kwamba nafasi yake ipo, au tumeambiwa tu kwa mdomo?